Brekidauni la zamani: kabla ya kufungua injini, pima ekseli ya mbele

Gari la kuvuta magari mabovu likianza kuchoka, kila anayelizunguka hutazama injini. Dereva anasema nguvu zimeisha. Fundi anasema tufungue. Mwenye gari anauliza ovaholi (kuifungua injini yote na kuitia vipuri vipya) shilingi ngapi, anauliza gari jingine shilingi ngapi, anaweka namba mbili kwenye karatasi na kuchagua ndogo. Naamini hesabu hiyo imeanzia mahali pasipo pake. Nitaeleza kwa gari letu wenyewe, Mitsubishi Fuso Fighter iliyofungwa bumu (mkono wa chuma wa kunyanyulia) na winchi (mashine ya kuvuta kwa waya), ambayo kaka yangu mkubwa ameiendesha miaka mingi kutoka Msamvu, Morogoro, na ambayo daftari lake la mapato na matumizi nalishika mimi.

Kwanza kazi yenyewe. Ukiwa Morogoro umekaa kwenye njia panda ya mizigo. Barabara moja inapanda Dodoma kupitia Dumila na Gairo. Nyingine inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, inashuka Ruaha Mbuyuni, inapanda Kitonga kwenda Iringa, na huko mbele ni Mbeya, Tunduma, Zambia na Kongo. Lori lililobeba shaba ya Lubumbashi likizima katikati ya hifadhi, dereva na utingo wake hawawezi kulala chini ya uvungu kama wangefanya Mikese. Kuna simba, kuna nyati, kuna tembo. Simu inayopigwa saa hizo haisubiri asubuhi, na mpigaji akiambiwa "gari liko gereji" anapiga namba inayofuata. Mteja wa namna hiyo akishahama, kumrudisha ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo kaka aliponiambia gari linakula oili kati ya Morogoro na Ruaha na mlima unalishinda, nilijua hatuna nafasi ya kulisimamisha kwa kubahatisha.

Fundi wetu ni mzee aliyezeeka na injini za Fuso. Nilipomwamkia shikamoo, hakuniuliza gari lina tatizo gani. Aliniuliza moshi una rangi gani, na unatoka saa ngapi: asubuhi likiwashwa, likiwa linapanda, au ukiachia mafuta kwenye mteremko. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Unaweza kutibika kwa kusafisha filta ya hewa, kupima nozo na kurekebisha pampu. Mweupe ni dizeli isiyoungua, au maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili. Wetu ulikuwa wa bluu.

Hapo mafundi wengi husema ringi za pistoni zimekwisha, leta hela. Yeye alifungua kwanza mpira wa hewa unaotoka kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, akaingiza kidole. Oili ya turbo ikivuja kwenye sili zake inaingia moja kwa moja kwenye injini na kuungua, na moshi wake haupishani na wa ringi. Turbo inafunguliwa na kurudishwa bila kugusa injini, na gharama yake hailingani hata kidogo na ovaholi. Mpira wetu ulikuwa na unyevu wa oili, ila si wa kutisha. Akatingisha shafti ya turbo kwa vidole. Ilikuwa na uchezi.

Kisha akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu. Kilirukaruka, kikaanguka. Huo ni mgandamizo unaopita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini ya zamani hupumua kidogo. Yetu ilikuwa inahema. Akapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo huo, silinda moja baada ya nyingine. Dizeli kubwa ya aina hii ikiwa nzima hutoa baa kati ya 25 na 30. Nne zilikuwa vizuri, mbili zilikuwa zimeshuka na kuachana mbali na wenzao. Mwisho akaipasua filta ya oili kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake juani. Alikuwa anatafuta chembe zenye rangi ya shaba, ambazo zingemaanisha beringi za krenkishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, zimeanza kulika. Hazikuwepo.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu vipimo vyote hivyo vilimalizika kabla ya mchana, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko kujaza tangi nusu. Mtu anayeamua kutengeneza au kuuza bila kuvifanya anaamua gizani. Sisi tulitoka pale tukijua: turbo imechoka, ringi na pengine laina (kuta za ndani) za silinda mbili zimekwisha, krenki ni nzima. Injini ya 6D16 ya turbo, lita 7.5, pampu yake ni ya kawaida isiyohitaji kompyuta. Inapona.

Kuna jambo moja kuhusu injini za brekidauni ambalo wanunuzi wengi hawalitazami. Kilomita kwenye dashibodi hazisemi kazi iliyofanyika. Unapovuta lori lililopinduka mtaroni, injini inazungusha pampu ya haidroliki kwa saa nyingi na magurudumu hayasogei hata hatua. Dizeli inayonguruma muda mrefu bila mzigo mkubwa haipati joto la kutosha. Kuta za laina zinang'aa kama kioo, ringi hazishiki tena, oili inapita. Ukiona tangazo la brekidauni la Japani lenye kilomita chache, uliza saa za kazi. Kama hakuna mita ya saa, basi zile kilomita hazikusaidii.

Tukawa na njia mbili za injini. Ya kwanza ovaholi: laina, pistoni, ringi, beringi mpya, silinda hedi kupelekwa mashine kusawazishwa, turbo kufanyiwa matengenezo. Kama krenki ingekuwa imekwaruzika ingechongwa na kuwekewa beringi nene zaidi, robo milimita au nusu milimita, na hilo lina mwisho wake, huwezi kuichonga milele. Ya pili kununua injini ya mtumba iliyotoka Japani. Mafundi vijana wanaipenda hii kwa sababu siku chache tu gari linarudi barabarani. Mimi siiamini sana. Injini ya mtumba haina historia. Unanunua uchakavu wa mtu mwingine usioujua kubadilisha na uchakavu wako unaoujua. Na namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe kisheria, la sivyo siku ya ukaguzi au ya kuuza utahangaika. Kama mtu analazimika kununua, afungue sampu na kifuniko cha juu akiwa pale pale dukani, Ilala au Gerezani, kabla hela haijatoka mfukoni. Muuzaji anayekataa kufungua amekwisha kujibu.

Upande wa spea, tatizo kubwa si bei, ni kopi. Ringi za kopi zinaingia vizuri, zinawasha vizuri, na msimu wa mvua haujaisha moshi umerudi. Nilimwomba fundi aniandikie namba za spea, nikazifuata mwenyewe.

Hadi hapo hesabu ilikuwa inasema tutengeneze. Ovaholi nzuri, kwa spea halisi, ilikuwa kama robo ya bei ya Fuso nyingine ya hali ya wastani. Kaka alishakubali. Ni mzee ndiye aliyesema, "Binti yangu, kabla hujanipa kazi, mwite mchomeleaji aingie uvunguni."

Mchomeleaji aliingia na brashi ya waya na tochi. Alisugua matope na oili kwenye reli mbili za chasisi, nyuma kidogo ya kebini na pale mabano ya springi za nyuma yanaposhikilia. Ufa ulikuwepo kwenye reli ya kushoto, umeanzia kwenye tundu la bolti na kushuka. Juu yake kulikuwa na kiraka cha zamani kilichochomelewa kabla gari halijafika mikononi mwetu. Kiraka kilikuwa kizima. Chuma cha pembeni yake ndicho kilichopasuka, kwa sababu joto la kuchomelea linabadilisha chuma cha chasisi na kukifanya kigumu mahali pamoja na dhaifu mahali pa jirani.

Ufa unaweza kutibiwa. Unatoboa tundu dogo kwenye ncha yake usiendelee, unaweka kipande cha ndani chenye umbo la reli, unafunga kwa bolti ngumu kuliko kuchomelea tu. Lakini swali lilikuwa kwa nini umepasuka pale pale tena. Hapo ndipo tulipolipeleka gari kwenye mzani, tupu, bila mzigo kwenye bumu. Ekseli ya mbele ilikuwa na tani 2.8.

Nikaomba futi. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma palikuwa na mita 4.5. Kutoka gurudumu la nyuma hadi kwenye ndoano, karibu nusu ya hapo. Maana yake ni hii, na naomba kila mwenye brekidauni aisome mara mbili: kila tani mbili unazonyanyua nyuma, mbele inapoteza tani moja, na ekseli ya nyuma inabeba tani tatu. Gari linageuka ule ubao wa watoto wa kupandishana na kushushana, gurudumu la nyuma ndilo mhimili.

Watu wa kazi hii duniani wana kanuni ya kwamba ekseli ya mbele isibaki na chini ya nusu ya uzito wake wa kawaida, kwa sababu usukani na breki za mbele zinategemea uzito huo. Nusu ya 2.8 ni 1.4. Kwa hiyo gari letu lilikuwa na haki ya kunyanyua tani 2.8 tu, basi. Land Cruiser, Hiace, Canter tupu, hayo ni sawa. Kichwa cha semi kilichovunjika ekseli ya mbele kinaweza kuhitaji kunyanyuliwa tani tano. Ukinyanyua tano, mbele zinaondoka 2.5, unabaki na kilo 300 zinazoongoza gari kwenye kona za Kitonga. Na nyuma, kwenye ekseli ile moja, unaongeza tani 7.5 juu ya uzito wake yenyewe, wakati sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne.

Kaka alinyamaza. Alijua jinsi usukani unavyokuwa mwepesi ukiwa na mzigo mkubwa. Madereva wote wa brekidauni wanajua, na wengine hufunga mawe au viroba vya mchanga kwenye bampa ya mbele ili gari litulie. Mchanga unashusha pua, ni kweli. Lakini ekseli ya nyuma unaipunguzia kidogo tu, na reli iliyopasuka hauiponyi.

Hapo nikaelewa kwamba tungeweza kulipa ovaholi safi, injini ikavuta kama mpya, na ufa ukarudi haraka zaidi, kwa sababu dereva mwenye nguvu za kutosha hukubali mzigo aliokuwa anaukataa. Fuso ilinunuliwa wakati kazi nyingi zilikuwa magari madogo na malori ya kati. Sasa barabara ile imejaa semi na tela mbili, uzito wote kisheria ukifika hadi tani 56. Kazi ilikuwa imekua kuliko gari.

Historia ya kifaa hiki ina funzo linalofaa hapa. Brekidauni la kwanza linahesabiwa kuwa la Ernest Holmes wa Chattanooga, Tennessee, Marekani, mwaka 1916. Alikuwa fundi wa gereji, na baada ya kuhangaika kulitoa gari kwenye kijito alifunga nguzo tatu, kapi na mnyororo juu ya Cadillac ya mwaka 1913. Vyuma vile vilikuwa kitu kimoja, Cadillac ilikuwa kitu kingine. Baadaye akauza vyuma, na mnunuzi akavifunga kwenye gari alilonalo. Hadi leo ndivyo ilivyo. Mwenye brekidauni ana mashine mbili zilizofungwa bolti pamoja, na kila moja ina umri wake. Bumu letu, winchi yetu na pampu ya haidroliki vilikuwa na afya. Waya wa winchi tulikwisha kuubadilisha. Kuuza gari zima, au kununua brekidauni zima, kungekuwa kutupa sehemu iliyokuwa bado inatuingizia hela.

Tukaamua kutafuta gari la kubeba bumu.

Kuagiza Japani tulikufikiria. Tanzania haikatai gari kwa umri wake kama Kenya, ambako gari la mtumba lililozidi miaka minane haliingii, lakini huku umri unaweza kuongeza kodi, na muda wa meli na bandari ungetukuta tumeshapoteza wateja. Anayeagiza brekidauni lililokwisha fungwa vyuma amuulize wakala wa forodha mapema litaandikwa kifungu gani, kwa sababu magari ya kazi maalumu, brekidauni likitajwa kwa jina, yana kifungu chake cha 87.05, tofauti na malori ya mizigo ya 87.04. Kosa la namba moja pale linaweza kubadilisha kodi yote.

Madalali walipojua tunatafuta, walituletea vichwa vya semi. Ni vingi, bei yake inavutia, injini zina nguvu. Tulivikataa vyote kwa futi ile ile. Kichwa cha semi ni kifupi. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yamekaribiana, kwa hiyo ndoano ikining'inia nyuma inapata mkono mrefu wa kunyanyulia pua. Watu wanavitumia, nawaona, na wanarefusha chasisi kwa kuchomelea. Baada ya kuona reli yetu ya kushoto sikuwa tayari kuanza maisha mapya na kiraka.

Tulichopata ni Scania 124 ya ekseli tatu, lori la mzigo lisilo la semi, kutoka kwa msafirishaji aliyekuwa anapunguza magari. Injini ya karibu lita 12. Kutoka gurudumu la mbele hadi katikati ya ekseli mbili za nyuma ni mita 5, na mbele ilisoma tani 5 kwenye mzani. Ndoano ikikaa mita 2.5 nyuma, tani 4 zinaondoa 2 mbele, zinabaki 3, na nusu ya zile tani 5 za mbele ni 2.5. Nyuma mzigo unagawanywa kwa ekseli mbili. Tani 5 ndiyo mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa dereva.

Haikuwa nzima. Ilikuwa na mabati ya kebini yaliyooza, klachi iliyokuwa inateleza, na matairi manne ya kutupa. Hayo yote yanafunguliwa na kufungwa. Tulipasua filta ya oili, tukapima kompresheni, mchomeleaji akapita na brashi yake reli zote mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, na muuzaji akasimama pale pale akiangalia bila kununa. Kwangu mimi mpangilio ni huo: chasisi na ekseli kwanza, kwa sababu hizo ukizipata mbovu hakuna fundi atakayekurudishia, breki za pili, kwa sababu brekidauni linasimamisha uzito wake na wa gari lisilo na breki, injini ya tatu. Najua mafundi injini watanipinga.

Fuso tuliiuza bila kuifungua injini. Mnunuzi ni mkulima wa Kilosa anayebeba mahindi na vitunguu, njia fupi, mwendo wa taratibu. Tulimwonyesha ufa, tukampa karatasi ya vipimo vya kompresheni, tukamwambia turbo ina uchezi. Bei ilishuka kwa sababu hiyo, na ilipaswa kushuka. Hela tuliyokuwa tumetenga kwa ovaholi ndiyo iliyolipa klachi, matairi, kazi ya kuhamisha bumu kwa bolti bila kuchomelea kwenye reli, na kubadilisha maelezo kwenye kadi ya gari.

Kama barabara yetu ingekuwa ya mjini, kuvuta Noah na Bajaji zilizogongwa kati ya Msamvu na Kihonda, ningeandika makala tofauti kabisa. Ningefanya ovaholi ya 6D16 kesho yake, ningeitibu reli, na ile Fuso ingefanya kazi miaka mingi bado. Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu anayeniuliza kwenye simu "nitengeneze au niuze?" akiwa amenitajia aina ya injini na rangi ya moshi tu. Namwambia alipeleke mzanini likiwa tupu, apime kwa futi hadi kwenye ndoano, kisha anitajie gari zito kuliko yote alilolinyanyua mwaka huu.

Kilichobaki kwenye Scania ni mipira ya hewa ya kuunganisha breki za lori linalovutwa, ili likishuka Kitonga lisaidie kujisimamisha lenyewe. Kaka amekataa kwenda upande ule na semi yoyote kabla mipira hiyo haijafungwa, na mimi nimeandika kwenye daftari kwamba kazi za Kitonga hatupokei hadi iwe tayari.